Waraka kwa Wanachama: Mzee Akipotea na Gari, Tusingoje Kukuche

Kutoka kwa: Katibu
Kwa: Wanachama wote wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake
Yah: Kuwatafuta wazee na wagonjwa wanaopotea wakiendesha gari

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada,



Katiba ya chama chetu inajua vizuri la kufanya mtu akifa. Inasema nani apigiwe simu kwanza, kila mmoja achange kiasi gani, nani ashughulikie ndege, na nani apokee jeneza Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura au Goma. Hela hupatikana kabla wiki haijaisha, na wali wa msibani haujawahi kukosa mpishi. Hilo ni la kujivunia. Ila nimeisoma katiba hiyo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi kwenye sahihi, na sikuona mstari unaosema tufanye nini mwenzetu akiwa bado yu hai, ameshika usukani, na hajui aliko.

Waraka huu ni kwa ajili ya pengo hilo.

Waliotutangulia hapa Minnesota miaka ya 1980 na 1990, waliokuja na begi moja kusoma au kukimbia vita, sasa wanastaafu. Wengine tumewaleta wazazi wetu wakiwa tayari na mvi, na wale waliotoka Kenya, Tanzania na Uganda wakajifunza kuendesha upande wa kulia baada ya maisha mazima ya kuona magari yakipita kushoto. Gari hapa si anasa. Basi halifiki kila mtaa, kanisa liko mbali, msikiti uko mbali, duka la nyama ya mbuzi liko mji mwingine, na mzee asiyeendesha anakuwa mfungwa wa sebule. Kwa hiyo wanaendesha, na wataendelea kuendesha.

Marekani nzima ina watu zaidi ya milioni 7 wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanaoishi na ugonjwa wa Alzheimer. Alzheimer's Association, shirika linaloshughulika na ugonjwa huo, linasema watu 6 kati ya kila 10 wenye ugonjwa wa kusahau watatangatanga angalau mara moja. Hesabu hiyo inatuhusu na sisi. Presha na kisukari, ambavyo havikosekani katika familia zetu, huharibu mishipa midogo ya ubongo na kuleta ugonjwa wa kusahau wa namna yake. Wala si wazee peke yao. Sukari ikishuka ghafla, kijana wa miaka 35 anaweza kuendesha hadi mahali asipopajua. Wapo pia wenzetu walioumia kichwa kwenye ajali, wenye kifafa, na watoto wetu wenye usonji ambao sasa ni watu wazima wenye leseni.

Tena chama hiki hakiwezi kusema hakikujua. Wengi wetu tunakula kwa kazi ya kuwatunza wazee wa watu. Tunaijua saa ile jua linapoanza kushuka, babu aliyekuwa mtulivu mchana kutwa akavaa koti, akasimama mlangoni na kusema ng'ombe hawajakamuliwa. Tunajua kwamba ukimbishia umeharibu. Tunajua milango ile ya namba za siri iliwekwa kwa sababu gani, na tumezoea kuandika mwanzoni mwa zamu fulani amevaa nini leo. Halafu tunavua sare, tunarudi kwetu, na mzee wetu mwenyewe ana funguo za gari mfukoni, na hakuna anayeweza kusema ametoka na shati la rangi gani.

Dereva aliyepotea hafanani na mtu aliyepotea. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Alzheimer huanza kwa kuharibu zile sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu mpya na kutuonyesha tulipo. Ustadi wa mikono na miguu umekaa sehemu nyingine, nao huchelewa kuguswa. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama kwenye taa nyekundu, akawasha indiketa, akalipisha gari la wagonjwa, na bado asijue yuko mji gani. Mikono inalikumbuka gari, kichwa hakiikumbuki njia. Polisi anayepishana naye haoni kosa la kumsimamisha. Yeye mwenyewe hasimami kuuliza, kwa kuwa akilini mwake nyumbani ni kona inayofuata. Simu ikilia haipokei, au anaipokea na kusema kwa sauti tulivu kabisa kwamba anakaribia kufika. Anakwenda hivyo hadi mafuta yamwishie, au barabara imwishie.

Watafiti huko Florida walichambua matangazo 156 ya madereva wenye ugonjwa wa kusahau waliopotea kati ya Oktoba 2008 na Mei 2010. Wengi walikuwa wanaume. Wengi walipotea katika safari ya kawaida, kwenda mahali walipozoea, safari ambayo mtu wa nyumbani aliijua na kuiridhia. Waliokutwa wakiwa bado wanaendesha ni asilimia 15 tu. Walio wengi walikutwa ndani ya gari lililosimama au karibu nalo. Asilimia 40 tu walipatikana ndani ya kaunti ileile walimopotelea, na asilimia 10 walikuwa wamevuka hadi jimbo jingine. Asilimia 5 walikutwa wamekufa, na walioishi peke yao ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Mtu akishayasikia hayo, asirudie tena ile kauli yetu ya "hiyo njia anaijua, ameipita miaka yote." Hao wa Florida nao walikuwa wanaijua.

Sasa tupige hesabu ya muda. Mzee ameingia barabara kuu ya I-94 na anakwenda kilomita 100 kwa saa. Baada ya nusu saa anaweza kuwa popote ndani ya duara lenye kilomita 50 kila upande, eneo linalokaribia mara tano ya kisiwa cha Unguja. Baada ya saa moja duara limeipita nchi nzima ya Burundi kwa ukubwa. Baada ya saa mbili limeipita Malawi. Na saa mbili hizo, tuseme kweli, sisi huwa bado tunaulizana kama labda amepitia kwa shemeji.

Kwa hiyo naomba hili likae vichwani kuliko jingine lolote humu: mzee mwenye kusahau akichelewa nusu saa kupita kawaida yake, na simu haipokei, pigeni 911. Shemeji atapigiwa baadaye. Akitokea mlangoni wakati polisi wanaandika maelezo, mtawashukuru, mtaomba radhi, na hakuna atakayewakamata kwa hilo.

Habari kwamba polisi hawapokei taarifa mpaka mtu akae saa 24 tumeitoa kwenye sinema. Hapa Minnesota kuna sheria inayokataza jambo hilo, nayo ina historia ya kusikitisha. Mei 2008, kijana wa miaka 19, mwanafunzi, alikuwa akirudi kwao usiku kusini-magharibi mwa jimbo hili, gari likamwingia mtaroni. Hakuumia. Akawapigia wazazi wake akawaambia yuko karibu na mji wa Lynd. Wakatoka kumfuata, wakawa wanawasha na kuzima taa za gari huku wakizungumza naye kwenye simu, wala hakuna aliyeona taa za mwenzake. Akaamua kutembea kuelekea kwenye mwanga alioona kwa mbali, wakaendelea kuongea naye hadi simu ilipokatika ghafla. Kulipokucha wazazi wakaenda kutoa taarifa, wakaambiwa kijana wa umri ule kulala nje si ajabu. Minara ya simu ilionyesha baadaye kwamba alikuwa upande wa mji wa Porter, kama kilomita 40 kutoka pale alipodhani yupo. Gari lilipatikana, yeye hakupatikana. Hakuwa mgonjwa wala mzee. Alipotea njia usiku tu, kama inavyoweza kumtokea yeyote kati yetu. Wazazi wake walihangaika na wabunge hadi ikapitishwa Sheria ya Brandon, yenye jina la kijana huyo, na tangu tarehe 1 Julai 2009 polisi wa Minnesota hawaruhusiwi kukataa taarifa ya mtu aliyepotea kwa kisingizio kwamba ni mtu mzima au kwamba muda aliotoweka ni mfupi. Ukiambiwa ungoje, itaje sheria hiyo kwa jina, kwa adabu, na umwombe mkubwa wake.

Tusijifiche nyuma ya polisi lakini. Kinachotuchelewesha mara nyingi kiko kwetu.

Kwanza ni aibu. Mtoto anaogopa watu waseme ameshindwa kumtunza mama. Mke anamfichia mume wake kusahau kwake miaka mitatu, anamalizia sentensi zake mbele za wageni, anakaa kiti cha mbele kumwelekeza kona kwa kona, hadi siku anapolazwa yeye na mzee anatoka peke yake kumfuata hospitali. Wengine bado wananong'ona habari za kurogwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya humuumbua mtu barabarani, kwenye baridi. Ugonjwa wa ubongo ni ugonjwa kama ule wa figo. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo imwambie angalau jirani mmoja na mtu mmoja wa chama.

Pili ni hofu ya polisi, na sitaijibu kwa maneno mepesi. Dereva mweusi, Philando Castile, aliuawa na polisi Julai 2016 pale Falcon Heights, baada ya kusimamishwa akiwa ndani ya gari. Hatukulisoma jambo hilo kwenye gazeti la mbali. Mzee wetu mweusi, asiyeelewa amri anazopewa, akiingiza mkono mfukoni kutafuta miwani, anaweza kudhaniwa vibaya. Dawa yake ni kuwatangulia. Ukipiga 911, kabla hujaulizwa, sema kwamba ni mgonjwa wa kusahau, hana silaha, huenda asielewe maagizo, haelewi Kiingereza vizuri au leo anaweza asikikumbuke, na huwa anatulia akiitwa kwa jina fulani. Omba maneno hayo yafike kwa kila askari anayemtafuta. Polisi anayejua anamtafuta mgonjwa humkaribia tofauti na yule anayedhani dereva amekaidi.

Tatu ni hofu ya makaratasi. Simwambii mtu kwamba hofu yake ni ya kipuuzi. Minneapolis ina sheria yake ya mji tangu 2003 inayowazuia polisi wa mji kuuliza habari za uhamiaji, lakini najua neno la sheria halimpi kila mtu usingizi. Basi tufanye hivi: chama kina watu wengi wenye uraia. Mmoja wao apige simu, awapokee askari, asimame mlangoni kwa niaba ya familia. Hakuna mzee wa chama hiki atakayekosa kutafutwa kwa sababu mwanawe anaogopa kutaja jina lake.

Nirudi kwenye lugha, maana wengi hulisahau. Kwa wagonjwa wa kusahau, lugha waliyojifunza ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kuwatoka. Mwalimu aliyefundisha kwa Kiingereza miaka 30 anaweza kumjibu askari kwa Kihaya, Kikisii au Kimashi, na askari akaandika kwamba dereva anabwabwaja. Kila gari la mzee liwe na kadi juu ya dereva, pale pa kuzuia jua, yenye jina lake, lugha anayoongea, ugonjwa wake kwa maneno mawili, na simu za watu wawili. Isiandikwe anwani ya nyumba.

Sasa habari ya matangazo, kwa kuwa wengi mmeyaona kwenye mbao za umeme juu ya barabara mkayapita. Mfano wake ulitoka kwenye utaratibu wa kutafuta watoto walioibwa, AMBER Alert, ulioanzishwa Texas baada ya mtoto wa miaka 9 kutekwa mjini Arlington mwaka 1996. Miaka kumi baadaye Oklahoma ikaona wazee nao wanahitaji cha kwao, likazaliwa jina la Silver Alert. Mwaka huohuo wa 2006 Georgia ikaweka utaratibu wake uitwao Mattie's Call, kwa jina la bibi wa Atlanta aliyetoka kwake mwaka 2004 na mwili wake ukapatikana miezi kadhaa baadaye, mwendo wa mita mia chache tu kutoka nyumbani. Texas ikafuata 2007. Florida ilianza Oktoba 2008, baada ya mama wa miaka 86 kuondoka na gari lake kwenye makao ya wazee huko Largo na kukutwa amezama nalo majini Clearwater. Binti yake ndiye aliyewasukuma wakubwa. Ukiangalia utaona karibu kila moja ya sheria hizi ilidaiwa na mtoto au mzazi wa aliyepotea, si na mtaalamu wa ofisini.

Masharti hutofautiana, na wanachama wenye wazazi majimbo mengine wayajue. Texas hutaka mtu awe na miaka 65 au zaidi, au awe na Alzheimer kwa umri wowote, na taarifa itolewe ndani ya saa 72. Florida huanzia miaka 60, na huwachukua hata walio chini ya hapo ikiwa akili zao hazina uwezo, lakini mbao za barabarani hazionyeshi tangazo kama gari na namba yake havijulikani. Bunge la Marekani halijapitisha sheria moja ya Silver Alert kwa nchi nzima. Kwa watu wa miaka 18 hadi 64 iko sheria ya Ashanti Alert, iliyotiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2018. Hapa kwetu, tangazo la mtu aliyepotea akiwa hatarini hutolewa na BCA, idara ya upelelezi ya jimbo, baada ya kuombwa na polisi wa mji au sherifu. Wewe na mimi hatuwezi kulitoa. Mlango wake ni 911, na ufunguo wa mlango huo ni namba ya gari.

Nimeuliza watu kadhaa wa chama: namba ya gari la mama yako ni ipi? Wanajua rangi. Wanajua kwamba ni Toyota. Minnesota imejaa Toyota za rangi ya kijivu. Kamera zinazosoma namba za magari zimeenea barabarani, na kompyuta ya taifa wanayoitumia polisi wa majimbo yote humwonyesha askari wa Wisconsin au Iowa gari linalotafutwa huku, lakini mashine hizo zote hazijui "Toyota ya kijivu ya mama."

Nalo jukumu letu kama raia? Wale watafiti wa Florida walikuta kwamba polisi ndio waliowapata walio wengi, na raia waliogundua gari kutokana na tangazo walikuwa wachache. Nadhani najua sababu. Ubao uko juu ya barabara kuu, na anayeusoma anaangalia magari yanayokwenda, wakati gari lenyewe limesimama nyuma ya duka lililofungwa, taa zinawaka, dereva amekaa ndani anangoja kitu ambacho hawezi kukitaja. Tuangalie yaliyosimama. Na kwa hilo chama hiki kina macho mengi kuliko tunavyofikiri. Tuna wanaoendesha malori usiku, wanaobeba abiria, wanaopeleka vifurushi hadi vichochoroni, wanaotoka zamu saa tano za usiku na kukatiza maegesho matupu ya hospitali, wanaouza kwenye vituo vya mafuta. Ukiona gari lenye mzee peke yake limesimama mahali pasipo na shughuli, saa isiyo na shughuli, taa zinawaka au injini inaunguruma, soma namba yake. Hata kama hujaona tangazo lolote. Linaweza kuwa bado halijatolewa.

Ikitokea ni wetu aliyepotea, tusimwagike wote barabarani. Mmoja abaki nyumbani, kwa kuwa wapo wanaorudi wenyewe na kukuta mlango umefungwa. Mmoja awe na simu ya kuzungumza na polisi, huyo tu. Wengine wagawane mahali: nyumba aliyoishi zamani, kiwanda alichofanyia kazi, kanisa au msikiti wa kwanza alipofika nchi hii, kaburi la mwenzi wake, uwanja wa ndege kama amekuwa akisema anataka kurudi kwao. Halafu miisho ya barabara, njia za mashamba, na zile sehemu za kushushia mashua ziwani. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, na pale pa kushushia mashua lami huteremka moja kwa moja hadi majini. Usiku, dereva aliyechanganyikiwa huiona kama barabara nyingine tu.

Majira ya baridi yana sheria zake. Gari likikwama, theluji ikaziba bomba la ekzosi na injini ikaachwa ikiunguruma, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi hurudi ndani na kuua bila harufu. Akitoka kutembea, koti alilovaa linaweza kuwa la kutoka mlangoni hadi garini tu. Ndani ya gari la mzee liwepo blanketi zito, kofia, na viatu vya theluji, kuanzia Oktoba, hata akicheka.

Ukimwona, kuna namna. Kama gari linakwenda, usimfukuze wala usimpigie honi. Mfuate kwa mbali kama unaweza, msomee mtu wa 911 namba, barabara na upande anaoelekea. Kama amesimama, piga 911 kwanza, kisha mwendee kutoka mbele, mikono ikionekana, umwamkie kama unavyomwamkia baba yako. "Shikamoo baba" hufungua kioo ambacho kelele za Kiingereza zinakifunga. Usimuulize kama anajua alipo, maana swali hilo humtia hofu au hasira. Usimnyang'anye funguo. Mwambie injini inapoteza mafuta, mwombe aizime mara moja, mkae mzungumze. Muulize habari za kwao. Wengi walio na ugonjwa huu wanakumbuka vizuri ajabu mambo ya miaka ya 1960. Mzee anayesimulia mazao ya baba yake atakaa hapo mpaka msaada ufike.

Kundi letu la WhatsApp nalo tulitie adabu. Tangazo la mtu aliyepotea liwe na tarehe, saa, namba ya gari, picha moja ya karibuni na simu ya polisi, na litoke kwa familia au kwa katibu. Lisilo na tarehe lisisambazwe. Tumewahi kusambaza picha za watu waliokwisha kupatikana zamani, na kila tukifanya hivyo tunawazoesha wenzetu kupuuza. Akipatikana, aliyelituma atangaze kwamba amepatikana, na picha ifutwe. Mzee wa watu hastahili kubaki kwenye simu mia tatu akiwa na macho ya kuchanganyikiwa. Habari za ugonjwa wake, zaidi ya zile za kumsaidia kupatikana, ni zake.

Limebaki gumu kuliko yote: kumwambia mzee aache kuendesha. Wanaume hasa huona ni kama kuvuliwa nguo. Msimkabili mezani mbele ya wakwe. Aanze daktari, maana neno la daktari halina ugomvi wa nyumbani ndani yake. Ofisi ya leseni ya jimbo, DVS, nayo hupokea ombi la familia au daktari kwamba dereva apimwe upya. Lakini ukimchukulia mzee funguo bila kumpa dereva, umemfunga tu. Sioni kwa nini chama kinachoweza kupata watu arobaini wa kwenda uwanja wa ndege kulisindikiza jeneza kishindwe kupata watu wanne kwa wiki wa kumpeleka mzee aliye hai kanisani, msikitini na kwa kinyozi. Kwa ambao bado wanaendesha salama, zungumzeni nao, kwa ridhaa yao, kuhusu kifaa kidogo cha kuonyesha gari liko wapi, au simu inayoruhusu mtoto kuona alipo. Waulizeni sasa, wakiwa bado na akili ya kukubali au kukataa.

Katika mkutano mkuu ujao nitaleta ibara mpya ya katiba. Itaunda kamati ndogo ya kutafuta waliopotea, yenye zamu ya simu usiku na mchana. Itataka kila familia inayopenda iandikishe kwa siri mtu wake, picha yake, lugha zake, dawa zake na gari lake. Itaruhusu sehemu ndogo ya mfuko wa misiba itumike kununua kadi, mablanketi na mafuta ya wanaotafuta. Najua wapo watakaosema mfuko wa misiba usiguswe. Waje waseme hivyo mkutanoni, tusikilizane, tupige kura. Mimi nitaipigia kura ya ndiyo.

Mkutano uko mbele, na mzee wako huenda ana safari kesho asubuhi. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, chukua simu yako, toka nje, ulipige picha gari lake kwa nyuma, namba ionekane vizuri, umtumie picha hiyo ndugu yako mmoja.

Wenu katika utumishi,
Katibu